Nimesafishwa meno, sasa ya mbele yanacheza. Hawa wanasafisha au wanalegeza?

#1 Fundi wa Mbagala
Wakuu habari za jioni. Niende moja kwa moja.

Nina miaka 43, jino sijawahi kuugua. Fizi zilikuwa zinatoka damu nikipiga mswaki, kidogo tu, povu linakuwa la waridi, nilishazoea. Aliyelalamika ni mama watoto, alikuwa ananigeuzia mgongo kwa sababu ya harufu. Wiki tatu zilizopita nikaingia kliniki moja hapa mjini, jina nahifadhi. Nikalazwa kwenye kiti, kimashine kinalia kama nyigu huku kinarusha maji, dakika 25 naambiwa tayari, elfu 50. Nikapewa maji ya kusukutua, nikapanda zangu daladala.

Sasa hivi meno manne ya mbele ya chini yana mapengo ambayo hayakuwepo. Maji ya baridi yakipita hapo naona nyota mchana. Na mawili yanacheza, nikiyasukuma kwa ulimi yanakwenda na kurudi. Kabla ya kusafishwa yalikuwa imara kama nguzo ya umeme.

Mzee mmoja jirani na kibanda changu Kariakoo kaniambia, "Nani alikutuma ukatoe ugaga? Ule ndio ulikuwa unashika." Kuna ukweli?

#2 Siti ya Dirishani
Naweka kambi hapa. Wajuzi wako njiani.

#3 Kishoka Asiyechoka
Hakuna cha ugaga wala nini, wamekukwangua jino lenyewe. Kile kimashine kinakula ile ngozi ngumu ya juu. Shemeji yangu alikwanguliwa mwaka juzi, mpaka leo chai anaisubiri ipoe. Mimi natumia mkaa wa kusaga na chumvi, nasugua kwa kidole mpaka linalia kwii. Kliniki sijui hata mlango unafungukia wapi.

#4 Tabibu wa Pwani
Mkuu #3 punguza jazba. Mimi ni tabibu wa meno, kituo cha serikali, sitasema kipi.

Upande wa ndani wa meno ya mbele ya chini ndipo ugaga unapopenda kujenga. Sababu ni kwamba mirija ya mate inafungukia pale chini ya ulimi, na mate yana madini. Ule ukoga laini unaoukuta asubuhi usipoondolewa, baada ya siku chache unaanza kuganda. Ukishakuwa ugaga, mswaki hauutoi hata usugue mpaka Idi. Juu yake unakaa ukoga mwingine, bakteria wanazidi kujichimbia chini ya fizi, fizi inavimba na kutoa damu. Ugonjwa ukiishia kwenye fizi, unarudi nyuma kabisa. Ukipita hapo unakula mfupa unaoshika jino, na mfupa huo haurudi kwa mswaki.

Kwa hiyo Fundi, inawezekana mfupa wako uliondoka siku nyingi bila maumivu, maana ugonjwa huu hauna kelele kama jino lililotoboka. Ugaga uliyaunganisha meno manne yakawa kama ukuta, na fizi iliyovimba ikajaza nafasi za katikati. Ugaga ukitolewa, uvimbe ukinywea, unaona kilichokuwepo siku zote. Mzee wa Kariakoo kasema nusu ya kweli. Ugaga ulikuwa unashika, ila kama mwizi anavyomshika mtu anayempekua mifuko.

Maswali yangu: walikupima mifuko ya fizi? Kuna kijiti chembamba chenye alama za milimita kinachochomekwa kati ya fizi na jino. Moja mpaka tatu ni kawaida, nne kwenda juu kuna jambo. Walipiga picha?

#5 Fundi wa Mbagala
Asante tabibu. Hakuna kijiti wala picha. Walimulika tochi, wakasema "una ugaga mwingi kaka", wakaanza.

#6 Binti Feri
Dakika 25 kwa kinywa cha miaka 43! Hapo wamefagia uwani tu, ndani hawajaingia. Mimi nilisafishwa kwa ganzi, upande mmoja leo, upande wa pili wiki inayofuata, mpaka chini ya fizi.

Yangu ilianzia kwenye mimba ya pili. Fizi zilivimba, moja ikaota kinyama chekundu, nikikigusa tu damu. Mama mkwe akasema mtoto anakula meno yangu, kila mimba jino moja, ndivyo walivyokuta. Daktari akasema mtoto hachukui chokaa kwenye meno ya mama, ni homoni za mimba zinafanya fizi ikasirike kwa ukoga kidogo tu. Nikasafishwa nikiwa na miezi mitano. Kile kinyama kilinywea chenyewe baada ya kujifungua. Mama mkwe bado anaamini alichoamini, na meno yake yamebaki sita.

#7 Mjukuu wa Lindi
Haya mambo ya kliniki ni ya mjini. Bibi yangu kule Lindi hakuwahi kukanyaga kwa daktari wa meno, amekufa na miaka zaidi ya 80, miwa anamenya kwa meno. Ugaga alikuwa nao mpaka wa kahawia. Mbona yeye mfupa haukuliwa?

#8 Mwalimu Mstaafu
Mjukuu, swali lako wenzetu walishalifanyia kazi. Harald Löe, mtaalamu wa fizi kutoka Norway, na wenzake walifuatilia vibarua 480 wa mashamba ya chai huko India, watu wasiopiga mswaki wala kumwona daktari wa meno. Kuanzia 1970 waliwapima kwa miaka kama 15. Wote walikuwa na ukoga na fizi zenye uvimbe. Lakini asilimia 8 ugonjwa uliwala mbio, asilimia 81 uliwala taratibu, na asilimia 11 haukupita kwenye fizi. Kinywa kichafu kilekile, matokeo matatu.

#9 Karanga Mbichi
Mwalimu shikamoo. Ila ni Sri Lanka, si India.

#10 Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Ni Sri Lanka, kweli. Uzee huo.

#11 Siti ya Dirishani
Kwa hiyo bibi wa Lindi alikuwa kwenye wale 11. Na mjukuu anataka kuishi kwa bahati ya bibi 😂

#12 Mjukuu wa Lindi
Damu ni moja.

#13 Karanga Mbichi
Damu moja ndiyo, ila hata babu umemrithi. Yeye alikuwa na mangapi?

#14 Mjukuu wa Lindi
Babu simzungumzii hapa.

#15 Baharia Mkavu
Mnazunguka sana. Fizi kutoka damu tulifundishwa darasa la tano: kiseyeye. Upungufu wa vitamini D. Fundi kula ndimu na machungwa mwezi mmoja, meno yatakaza.

#16 Karanga Mbichi
Vitamini C mkuu. D ni ya jua na matege.

#17 Mwalimu Mstaafu
Na kiseyeye chenyewe kilikuwa cha mabaharia waliokaa baharini miezi bila tunda. Mwaka 1747 James Lind, daktari wa meli ya Uingereza, aliwachukua mabaharia 12 wagonjwa, akawagawa wawiliwawili, kila jozi na tiba yake. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona haraka. Sasa mtu wa Dar anayekula kachumbari kila siku, embe la pilipili kituoni, ubuyu, na mapera ambayo yana vitamini C kuliko machungwa, kiseyeye atakipatia wapi?

#18 Baharia Mkavu
Mafundi hawali mapera mwalimu. Wanakula chapati na soda.

#19 Fundi wa Mbagala
Hapo umenikamata 😀 Ila kachumbari nakula.

#20 Mama Pacha
Naomba niulize kabla uzi haujahama. Mimi nikiona damu naacha mswaki siku mbili tatu, fizi zipumzike, kisha naendelea. Ni sawa?

#21 Tabibu wa Pwani
Hapana dada. Damu inatoka kwa sababu ukoga umekaa pale, ukiacha unaongeza. Piga mswaki laini, mara mbili kwa siku, dakika mbili, nywele za mswaki ziinamie kwenye mpaka wa fizi na jino. Usitumie nguvu za kufulia jinzi. Fizi zikianza kupona damu inapungua ndani ya wiki moja au mbili. Ikiendelea, nenda ukaonwe. Na kama damu inakuja bila hata kugusa, una michubuko mwilini usiyojua ilikotoka, umechoka na homa haziishi, usianzie kwa daktari wa meno. Kapime damu kwanza.

#22 Mwalimu Mstaafu
Naunga mkono, na nirudi kwa yuleyule Löe. Mwaka 1965 kule Denmark aliwaambia watu 12, wengi wao wanafunzi wa meno wenye fizi safi, waache kupiga mswaki kabisa. Ndani ya siku 10 mpaka 21 wote fizi zilivimba. Wakarudishiwa miswaki, wiki moja hivi wakawa sawa. Kwa hiyo Mama Pacha ule "mapumziko" wako una majibu tangu kabla hujazaliwa.

#23 Kishoka Asiyechoka
Majibu ya Denmark. Huku kwetu kuna mdudu wa jino, bibi zetu walikuwa wanafukiza moshi wa mbegu za tunguja, mdudu anadondoka kwenye bakuli unamwona kwa macho.

#24 Tabibu wa Pwani
Kile kinachodondoka ni kiini cha mbegu yenyewe, mkuu. Kikipata joto kinachomoza. Ukifukiza bakuli tupu bila mtu, "mdudu" anadondoka vilevile. Na ule mkaa wako wa #3, nitazame nikwambie: fizi zako zimepanda juu, meno yanaonekana marefu, na baridi unaisikia. Nimekosea?

#25 Kishoka Asiyechoka
Meno yangu ni marefu ya asili.

#26 Siti ya Dirishani
😂😂😂 nimecheka konda kanigeukia.

#27 Sauti ya Tabata
Mimi naleta kisa kingine ambacho hakuna aliyekitaja. Mama yangu anatumia dawa ya presha, nifedipini, mwaka wa tatu sasa. Fizi zikaanza kukua. Sikusema kuvimba, kukua, mpaka zikafunika nusu ya meno ya mbele. Tulifikiri saratani, nyumba nzima hatulali. Daktari wa meno alipoona tu akauliza "anatumia dawa gani?" Kumbe dawa za kundi hilo, hata amlodipini, kwa baadhi ya watu zinakuza fizi. Dawa fulani za kifafa pia. Akaandika barua kwa daktari wa presha, akabadilishiwa, akasafishwa, zimerudi kwa kiasi kikubwa.

Ila msije mkaacha dawa za presha kwa sababu ya uzi huu! Ukiacha mwenyewe utakufa na fizi nzuri.

Fundi unatumia dawa yoyote?

#28 Fundi wa Mbagala
Situmii. Presha sijawahi kupima pia.

#29 Binti Feri
Na sigara?

#30 Fundi wa Mbagala
Niliacha. Miezi minne sasa. Nilivuta tangu nina miaka 19.

#31 Tabibu wa Pwani
Fundi! Hilo lilitakiwa liwe kwenye #1.

Sigara inabana mishipa midogo ya fizi. Mvutaji anaweza kuwa na mfupa umeliwa nusu, fizi imepauka, damu haitoki, anajiona mzima. Akiacha, damu inarudi kwenye fizi na ndipo anaona nyekundu kwenye mswaki. Wengi wanadhani kuacha sigara ndiko kumewaletea ugonjwa. Damu ilianza lini, kabla au baada?

#32 Fundi wa Mbagala
Nikikumbuka vizuri, kuongezeka ni baada. Lakini kidogo ilikuwepo hata kabla.

#33 Baharia Mkavu
Si unaona. Kiseyeye.

#34 Dokta wa Mtaa wa Pili
Tabibu, nakuheshimu ila unaenda mbio na sigara. Mimi si wa meno, ni wa magonjwa ya ndani. Mtu mwenye miaka 43, fizi zinaharibika, harufu mdomoni, meno yanacheza, mimi nauliza kwanza sukari. Sukari ikiwa juu, mwili unapigana vibaya na bakteria wa fizi. Na fizi zenye maambukizi zinafanya sukari iwe ngumu kushuka. Ni njia ya pande mbili. Fundi unaamka usiku kukojoa?

#35 Fundi wa Mbagala
Mara mbili, wakati mwingine tatu. Nilijua ni bia.

#36 Dokta wa Mtaa wa Pili
Kesho asubuhi usinywe chai wala usile. Kapime.

#37 Cherehani ya Singer
Nimesoma uzi wote kimya. Na mimi ni fundi nguo, miaka 20. Fundi wa Mbagala, sema ukweli mbele ya wakuu: mkasi wako ukiwa mbali, uzi unakata na nini?

#38 Fundi wa Mbagala
Duh.

#39 Cherehani ya Singer
Nilijua! Na pini unazishika wapi ukiwa unapima mtu? Meno ya mbele ya chini. Mafundi tunamaliza meno hayohayo manne. Mimi moja lina mfereji kabisa kama sindano ilipita hapo. Siku nzima unavuta, unabana, unakata, miaka 20. Nguzo ingeng'oka.

#40 Siti ya Dirishani
Mleta uzi anakata uzi kwa meno. Uzi huu ufungwe, hautapata kingine kizuri zaidi ya hiki.

#41 Tabibu wa Pwani
😀 Cherehani umeleta jambo. Kazi hiyo peke yake haiozeshi fizi. Ila kama mfupa umeshapungua, kulivuta jino namna hiyo kunalilegeza haraka zaidi. Na wanaosaga meno usingizini ni hivyohivyo. Acha kukata uzi kwa meno kuanzia leo, hata kabla ya majibu ya sukari.

#42 Karanga Mbichi
Kwa hiyo mpaka sasa tuna ugaga, sigara, sukari, uzi wa cherehani, urithi, kiseyeye cha Baharia na mdudu wa Kishoka. Daktari wa kliniki aliyelaumiwa mwanzoni keshasahaulika.

#43 Binti Feri
Mimi sijamsahau. Kumsafisha mtu bila kupima mifuko, bila kuuliza sigara wala sukari, bila kumwambia "ukitoka hapa utaona mapengo na utasikia baridi wiki kadhaa, usishtuke", hilo ni kosa. Mgonjwa angeambiwa sentensi moja tu, uzi huu usingekuwepo.

#44 Tabibu wa Pwani
Hapo sina utetezi. Naongeza tu kwamba kiti kina foleni nje mpaka barabarani, na watu wengi tunawaona siku ya kung'oa, si kabla.

#45 Ustadhi wa Gerezani
Salaam. Mbona hakuna aliyetaja mswaki wenyewe, ule wa mti? Jina tumelitoa huko. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza utumike tangu 1986. Ijumaa ukitoka msikitini Kariakoo unaupata kwa bei ya pipi. Tafuna ncha mpaka iwe brashi, sugua kwa upole, ukichakaa kata, tafuna mpya.

#46 Mjukuu wa Lindi
Bibi alitumia huo! Nilisahau kusema.

#47 Siti ya Dirishani
Kumbe bibi alikuwa anapiga mswaki. Jumba la hoja limeanguka.

#48 Tabibu wa Pwani
Mswaki wa mti ni mzuri mikononi mwa anayejua kuutumia. Shida yake ni kufika nyuma ya magego na katikati ya meno. Katikati hata mswaki wa dukani haufiki, ndiyo maana tunasema uzi wa meno, au vile vibrashi vidogo kama vya kusafishia chupa kwa mwenye mapengo kama Fundi. Maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, yanatuliza lakini hayatoi ugaga. Na yale maji uliyopewa kama ni klorheksidini, wiki mbili zinatosha, ukizidisha meno yanapata rangi ya kahawia.

#49 Fundi wa Mbagala
Wakuu, mrejesho. Nimepima asubuhi bila kula: 6.4.

#50 Dokta wa Mtaa wa Pili
Haijafika kwenye kisukari, huko ni kuanzia 7. Lakini si nzuri pia. Kipimo kimoja hakitoshi, rudia, na uombe kile cha wastani wa miezi mitatu.

#51 Baharia Mkavu
Ndimu inashusha sukari pia.

#52 Dokta wa Mtaa wa Pili
Baharia, nakuomba.

#53 Fundi wa Mbagala
Jumamosi naenda Muhimbili kwenye meno, nimeambiwa niwahi alfajiri. Safari hii nitauliza kijiti cha milimita mwenyewe. Swali moja la mwisho kwa tabibu: huo uzi wa meno, nina kibanda kizima cha nyuzi. Nikitumia wa kushonea?

#54 Tabibu wa Pwani
Hapana. Wa kushonea unakata fizi kama wembe ukiteleza kwa kasi, na sijui rangi yake imetiwa nini. Nunua wa meno famasi.

#55 Cherehani ya Singer
Hata wa hariri?

#56 Tabibu wa Pwani
Hata wa hariri, fundi.

#57 Siti ya Dirishani
Wakuu, nimejimulika kwa tochi ya simu. Nyuma ya meno ya chini kuna kitu cha njano, kigumu, kimeshikana jino kwa jino kama ukuta. Nilikuwa najua ndivyo meno yalivyo.

#58 Kishoka Asiyechoka
Usikiguse! Ndicho kinachoshika.